Trekta Bila Moshi

Jumapili, 2 Machi

Leo nimekalia trekta tangu chai ya asubuhi mpaka jua lilipoinama, na wala sikuwa naenda popote.

Kifungua mimba wetu alikuja na Bwana Malori, yule jirani mwenye magari ya mizigo, wakaja na mnyororo wa kulivutia. Walikuwa wameshakubaliana wao wawili kwamba trekta letu dogo la bustani liondoke leo. Mimi sikuulizwa. Mume wangu aliulizwa akiwa amelala, uso umeelekea ukutani, akajibu, "Fanyeni mnavyoona." Hilo kwangu si jibu. Nikatoka, nikapanda kitini, nikakunja mikono.

"Mama, shuka," mwanangu akasema.

"Nishuke niende wapi?"

"Daktari amesema Baba asisogelee tena moshi wa injini. Ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia. Amekataza moshi. Hakukataza trekta."

Bwana Malori akacheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Sasa mama yangu, trekta bila moshi ni kiti tu."

"Basi niacheni nikae."

Walizunguka, wakanong'onezana, wakaenda kunywa maji, wakarudi. Mwishowe Bwana Malori akakumbuka ana shughuli. Mwanangu alisimama peke yake kidogo, kisha naye akaondoka bila kuaga.

Najua mpango ulivyo. Likiondoka trekta, shamba la nyuma ya nyumba halilimiki, kwa sababu mimi jembe la mkono kwa eneo lile litaniua kabla ya mapafu ya mwenzangu kumuua yeye. Lisipolimwa, Bwana Malori atalikodi alaze magari yake. Na ardhi ikishalaliwa na malori miaka miwili mitatu, hapaoti hata magugu. Mume wangu amekuza miche na mboga pale tangu tuoane. Akiamka siku moja aone matairi mahali pa vitalu vyake, hatahitaji moshi kumuua.

Mimi nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Mota za umeme nimezifungua na kuzifunga ujana wangu wote. Nimeamua. Injini itoke, mota iingie.

Jumatatu, 3 Machi

Shingo imeungua kwa jua la jana. Mwanangu hajapiga simu. Na asipige.

Alhamisi, 6 Machi

Injini imetoka. Nilifunga mnyororo kwenye boriti ya banda, nikavuta kidogo kidogo, na ilipoachia ilining'inia pale ikidondosha oili kama ng'ombe aliyechinjwa. Mikono yangu haitaki hata kushika kalamu.

Kisha nikaenda kwa Mama Vyuma. Huyu ndiye mwenye uwanja wa chuma chakavu karibu na reli, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu walioko mtaa wa pili. Kiwanda chetu kilipokufa, yeye ndiye aliyenunua mifupa. Nilijua kwamba foklifti ya stoo, ile ya umeme ya kunyanyulia mizigo, iko kwake.

"Mwenzangu, umekuja kuzuru makaburi?" akaniuliza.

"Nimekuja kufufua mmoja."

Tuliikuta chini ya mabati, imelala ubavu. Mota yake nzima, nzito kama dhambi. Lakini kile kisanduku kinachopima umeme uende mwingi au kidogo hakipo. Mama Vyuma alishakiuza.

"Mwili unao, ubongo hauna," akasema. "Utafanyaje?"

"Nitautengenezea ubongo."

Akanitazama kwa muda, akijaribu kujua kama ni ugonjwa au ni ujeuri. Tulipatana: yeye achukue injini yangu, nami nimtengenezee mashine yake ya kukatia chuma, iliyokufa tangu mwaka jana. Akanipa na betri chakavu nichague zenye uhai. Nilipokuwa naondoka aliuliza mume wangu anaendeleaje. Nikasema anaendelea. Akasema, "Mmh," na hiyo mmh nimerudi nayo mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwambia mume wangu aje aone mota. Hakugeuka.

"Mama watoto, unanitengenezea jeneza la magurudumu."

"Jeneza lingekuwa rahisi. Halihitaji giaboksi."

Zamani hilo lingemchekesha. Leo alivuta shuka. Nikamwambia kwamba akitaka kulala na ukuta alale nao, wana mengi ya kuongea, ila shamba litalimwa msimu huu, akiwepo au asipokuwepo. Nikatoka. Nimejificha nyuma ya banda mpaka macho yakauke.

Alhamisi, 13 Machi

Joto. Hakuna wingu.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi ya leo ilikuwa betri. Nachaji moja, naifunga taa ya gari, naangalia inachukua muda gani kabla taa haijafifia. Nyingi zinawaka kwa kishindo kisha zinazima kama mtu aliyeahidi sana. Zimebaki chache za kutosha, nazo si za kujivunia.

Ubongo nimeshaufikiria. Sina kisanduku cha kupima umeme, lakini ninazo zile swichi kubwa za sumaku kutoka ubao wa umeme wa kiwandani. Ukibonyeza kitufe, sumaku inavuta, swichi inafunga kwa mlio. Nitazipanga hivi: kitufe cha kwanza kilete betri moja, trekta litambae; cha pili kilete mbili, litembee; cha tatu kilete zote, lilime. Hakuna ulaini, ni kama ngazi. Lakini mtu anaweza kupanda ngazi.

Alhamisi, 20 Machi

Kiungo cha kuunganisha mota na giaboksi nimempelekea mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma, yule tunayemwita Polepole. Akakigeuzageuza mkononi, akakinusa. Anasema kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Polepole anasema kesho.

Jumamosi, 22 Machi

Polepole anasema kesho, na kwamba haraka ndiyo iliyoua kiwanda chetu. Kiwanda chetu kiliuawa na mitumba, lakini nilinyamaza kwa sababu kiungo kilikuwa bado kwake.

Jumanne, 25 Machi

Kimekamilika. Sina budi kukiri: kimeingia kama kidole kwenye pete. Nimemsamehe Polepole hadi atakapoanza tena.

Alhamisi, 27 Machi

Mawingu yamekaa upande wa mashariki mchana kutwa. Majirani wanalima. Naona vumbi lao, nasikia injini zao. Mume wangu anazisikia pia, leo alisema bila kugeuka, "Yule wa kona analima mapema mno." Ni sentensi yake ya kwanza kuhusu shamba tangu atoke hospitali. Sikujibu, niliogopa kuifukuza.

Jumamosi, 29 Machi

Lazima niandike yote, hata kama aibu inanishika mkono.

Asubuhi nilifunga waya wa mwisho. Nikatoa trekta uani, nikalielekeza shambani, nikapanda. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Swichi ikalia, trekta likatambaa. Hakuna moshi wala ngurumo, ila mlio mwembamba, kama mtu anayefikiria wimbo. Nilicheka peke yangu. Kitufe cha pili, likatembea. Nikazunguka uani kama bibi harusi.

Hapo nilipaswa kushuka. Nikabonyeza cha tatu.

Liliruka. Nikaachia kitufe, halikusimama. Swichi ya tatu ilikuwa imeyeyuka na kung'ang'ania. Umeme wote ulikuwa unapita na hakuna wa kuuambia basi. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, nikasimama juu yake, nikanusa mpira ukiungua. Nikakata usukani nisigonge nyumba, na badala ya nyumba nikawa nimechagua banda la miche.

Miche ile ya nyanya aliiotesha mume wangu kabla ya kuanguka. Alipokuwa hospitali niliimwagilia asubuhi na jioni, kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba ikifa, basi na yeye. Trekta liliingia katikati yake, likavunja nguzo, paa la nyavu likanishukia kichwani, na magurudumu yakaendelea kuzunguka juu ya trei mpaka waya mmoja ulipochomoka wenyewe. Kimya. Nilikuwa mzima. Miche ilikuwa kachumbari.

Nikiwa bado nimefunikwa na nyavu, nikasikia mlango. Mume wangu alitoka na soksi, bila viatu. Alitembea kutoka nyumbani mpaka bandani akishika ukuta, kisha nguzo, kisha hewa. Alifika, akapumua mpaka pumzi ikamrudia. Nilisubiri matusi yangu.

"Huna breki," akasema.

"Breki zipo. Hazikutosha."

"Kwa hiyo huna breki." Akatazama miche. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Nilichagua mbegu hizi nyanya kwa nyanya. Moja moja. Unajua? Nilizikausha juu ya bati, nikafukuza kuku wa mtaa mzima."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingepita hapa na foklifti." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ile inayosikika mpaka barabarani. Kikohozi kikamkata, akakaa juu ya ndoo iliyopinduka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilipotaka kumshika alinisukuma mkono. "Niletee udongo. Na makopo. Mingine haijakatika shina, wewe umesimama tu."

Tulikaa pale hadi mchana. Yeye anaokota mche, anaugeuza, anaupa hukumu. Aliokoa mingi kuliko nilivyodhani. Hakuniambia neno jema hata moja. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna hii.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imeanza. Amekula.

Jumatano, 2 Aprili

Swichi zote nimezisugua na kuzijaribu upya. Ile iliyoyeyuka nimeitupa, nikaweka mbili mahali pake zigawane mzigo. Lakini kikubwa ni kikatio. Nimepata kwa Mama Vyuma swichi ya zamani ya mkono, ile ya bapa za shaba. Ikifunguliwa, umeme wote unakatika, hata dunia ipasuke. Nilitaka kuweka mpini wa kusukuma. Mume wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi, akasema:

"Mtu aliyeishiwa pumzi hasukumi kitu. Anaanguka. Funga kamba, mtu aivae mkononi. Akianguka, aanguke nayo."

Alisema hivyo kama anavyosema kuhusu umbali wa mche na mche. Nilifunga kamba.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana Malori amekuja na futi ya kamba kupima shamba, eti ili msimu usipite bure. Mvua inanyesha, yeye na mwavuli wake. Mume wangu alimwita kutoka mlangoni.

"Pima vizuri, jirani. Ukimaliza upime na hii njia ya kutokea, usije ukapotea."

Bwana Malori akakunja futi yake taratibu. Amesema atazungumza na mwanetu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kila mtu amepanda isipokuwa sisi.

Jumamosi, 12 Aprili

Anga ilifunguka, udongo ukawa laini bila kuwa tope. Nililifunga trekta plau, nikachaji betri tangu jua lilipochomoza. Mume wangu akavaa viatu vyake vya shamba. Kuvifunga kamba kulimchukua muda mrefu nami nilijifanya natafuta spana.

Alikuwa ameshapanda kitini wakati mwanangu alipoingia uani. Bila shaka Bwana Malori alimpigia. Alikuja mbio, akasimama mbele ya trekta, viatu vyake vya ofisini vikizama.

"Baba, shuka."

"Kumbe ni ugonjwa wa familia," mume wangu akasema. "Kila mtu anaambiwa ashuke."

"Sifanyi mzaha. Mama, mteremshe."

Nikamwambia kwamba amekuja kutetea magari ya jirani. Nikamwambia kwamba tangu apate meza ya ofisi anaona aibu ya wazazi wenye matope. Maneno hayo nilikuwa nimeyaweka tayari tangu Machi na yalitoka yote, kwa mpangilio. Hakujitetea. Alisubiri nimalize.

"Mama, nani alimkuta Baba siku ile?"

 Mimi siku ile nilikuwa sokoni. Niliambiwa tu kwamba mwanangu alimpeleka hospitali.

"Nilikuwa nimekaa pale barazani," akasema. "Nasikia trekta linanguruma, najua Baba yuko kazini. Nikanywa chai. Nikasoma gazeti. Linanguruma tu. Niliposhuka hatimaye, yeye alikuwa chini, nyuma ya gurudumu, moshi unampiga usoni, na midomo ya buluu. Sijui alikuwa amelala hapo kwa muda gani. Labda aliniita. Lile dude lilikuwa linanguruma, nisingesikia. Kila nikiliona hili trekta nasikia ile ngurumo. Malori sina haja nayo. Nilitaka tu liondoke."

Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake juu ya usukani. "Nilikuita," akasema. "Sikukulaumu hata siku moja."

Miezi yote hii nimemwona mwanangu kama mnunuzi. Nilitazama matope yaliyokuwa yanapanda kwenye suruali yake nzuri, na nikaona mtoto aliyekunywa chai huku baba yake anakufa, na ambaye hajaimeza ile chai mpaka leo.

Lakini sikusema liondoke. Nilisema, "Washa, mume wangu."

"Mama."

"Sikiliza kwanza. Mara moja tu."

Mume wangu akavaa kamba mkononi, akabonyeza kitufe cha kwanza. Trekta likatambaa. Cha pili. Plau ikauma udongo, cha tatu, na ule mlio mwembamba ukapanda kidogo. Udongo ukageuka, mweusi, unang'aa. Mwanangu alitembea kando, karibu kabisa, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Nikajiuliza anasikiliza nini. Kisha nami nikasikia. Pumzi za baba yake. Kila pumzi, inavyoingia kwa shida na kutoka na mluzi, ilisikika wazi juu ya mlio wa mota.

"Baba, pumzika," akasema walipofika katikati, bila kupandisha sauti.

"Nikifika mwisho."

"Sasa hivi. Nakusikia."

Na mume wangu, ambaye hajawahi kumtii mtu akiwa kitini, akasimamisha trekta, akapumzika. Kisha wakaendelea. Walimaliza mstari, wakageuka. Mimi nilibaki nimesimama na spana ambayo haikuwa na kazi.

Mstari wa pili betri zilianza kuchoka, wa tatu zikafa. Tulilisukuma trekta kurudi bandani, mimi na mwanangu, Mzee amekaa juu akitoa amri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwanangu, ambaye kazi yake ni kwenye kampuni ya simu, amepiga. "Mama, kuna betri za mnara zinabadilishwa, za zamani zinatupwa. Nimeomba ruhusa, wamekubali. Usinishukuru, nisije nikabadili mawazo."

Sikumshukuru. Nimemwambia alete na nyaya.

Jumapili, 4 Mei

Shamba lote limelimwa. Mume wangu analima mistari miwili asubuhi, mimi iliyobaki. Nyanya zake zilizookolewa zimepandwa, maharage kando. Tumechelewa kuliko wote, na yule wa kona amekuja kuniambia hivyo, kisha akabaki kulizunguka trekta, akainama chini yake, akaondoka bila kusema zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Kliniki. Nilidhani hewa safi na kazi vingekuwa vimemwongezea kitu. Daktari alitazama picha, akasema mapafu hayajapona na hayatapona. Kinachobaki ni kuyatunza. Mume wangu akamuuliza kama anaruhusiwa kuendesha trekta. Daktari akauliza kuhusu moshi wake. Nikamweleza. Aliandika kitu, akakifuta, akasema yeye hajui swali hilo linajibiwaje.

 Tulipofika getini mume wangu akasema, "Maharage yanataka palizi."

Jumamosi, 14 Juni

Tunavuna maharage. Mavuno si ya kutangazia watu, lakini magunia yamesimama barazani. Bwana Malori amepata uwanja karibu na reli, kwa Mama Vyuma. Nasikia wanagombana kila siku na kwamba Bwana Malori ndiye anayeshindwa.

Jumamosi, 28 Juni

Nyanya zimeiva zote kwa pamoja. Mwanangu alikuja kubeba makreti. Ameanza kuwa na viatu vya shamba.

Wiki hii Mzee hakupanda trekta. Miguu imevimba. Analala ameketi, mito nyuma yake. Anasema ni hali ya hewa.

Jumapili, 6 Julai

Leo niliamka nikakuta upande wake wa kitanda hauna mtu. Nilidhani yuko chooni. Nikawasha moto, nikainjika maji, nikaita. Kimya. Nikaenda bandani, trekta halikuwepo.

Ningelisikia lile la zamani. Lingeamsha mtaa. Hili limetoka uani, limepita chini ya dirisha langu, na mimi nimelala. Sikuwahi kuliogopa kabla ya leo.

Nilikimbia. Nimeacha kukimbia miaka mingi, lakini nilikimbia, kanga mkononi, nikipita kwenye mabua ya nyanya. Nikauona mstari mmoja mpya, umegeuzwa kuelekea mwisho wa shamba, umenyooka. Mwisho wake lilikuwapo trekta, na juu yake yeye, ameketi, mgongo wima, kichwa kimeinama mbele, kamba mkononi. Hakuna kilichokuwa kinasogea.

Nilisimama nyuma yake nisiweze kwenda mbele wala kurudi. Kisha nikazisikia pumzi zake, mbili, tatu, zenye mluzi.

"Huu udongo wa huku mwisho," akasema bila kugeuka, "ulikuwa hujaulima vizuri. Umerukaruka."

"Ulikuwa na mawe," nikasema.

"Nimeyatoa." Akavuta pumzi. "Msimu ujao vitunguu vikae hapa. Usiniambie habari za kabichi. Na chai iko wapi?"

"Inachemka."

Nilirudi jikoni kuifuata. Nilitembea polepole kwenye mstari wake mpya, mgongo nimeunyoosha, asije akajua kwamba nilikuwa nimekuja mbio.